Nilivyojifunza kumtoa papa akiwa hai kwenye wavu wa meli ya jodari

Watu wa kwetu pwani wakisikia nilifanya kazi kwenye meli za jodari swali la kwanza ni mshahara, la pili ni eti ni kweli papa mlikuwa mnawarudisha baharini? Kweli. Na kumrudisha akiwa hai, sio akiwa maiti inayotikisa mkia, ni kazi iliyonichukua muda kuielewa, ndo maana naandika, naona vijana wa Tanga na Mombasa sa hivi wanatafuta sana nafasi huko.

Mimi nimekulia kwenye ringineti, pale kwenye mwalo wa wavuvi wa Deep Sea, Tanga. Mnatoka jioni na taa, dagaa na vibua wanajikusanya, mnazungusha wavu, watu 20 mpaka 30 mnavuta kwa mikono huku mnaimba. Papa akiingia ni riziki, anapasuliwa anatiwa chumvi anakuwa ng'onda, hakuna mtu hata anawaza kumrudisha. Sasa nafika kwenye meli ya watu naambiwa papa haendi kwenye barafu, anarudi majini na kuna fomu inajazwa karudi hai au kafa. Nikasema hawa wana hela za kuchezea.

Uvuvi wenyewe ukiujua wa ringineti huu haukupi shida. Juu vyelezo, chini chubwi na pete, kamba inapita kwenye pete, ukiivuta chini panafunga samaki hana pa kutokea. Tofauti ni ukubwa tu. Wavu wa meli ya jodari una urefu wa kilomita moja na nusu mpaka mbili, kina chake kinapita mita 150, meli nyingine inakaribia mita 100 na tumboni inabeba tani elfu na kitu. Nyuma kuna boti nzito ya chuma wanaita skifu, ikidondoshwa inashika ncha moja ya wavu, meli inazunguka kwa kasi dakika chache tu duara limekamilika, kisha winchi inavuta ile kamba ya pete. Baada ya hapo wavu unapandishwa na pawabloku, roda kubwa inayoning'inia juu, na nyie mko chini yake mnaupanga huku maji na upupu wa viwavi vya bahari vinawamwagikia usoni. Huo upupu jamani acheni.

Makao yetu yalikuwa Victoria, Shelisheli. Kuanzia Machi hadi Mei meli nyingi zinashuka Mlango wa Msumbiji, Agosti hadi Oktoba zinapanda upande wa Somalia. Na kuvua kwenyewe ni kwa aina mbili, kuna kufukuza kundi huru ambalo unalijua kwa ndege wa baharini na povu, halafu kuna fadi. Fadi ni chelezo kinachoelea na chini yake kamba ndefu, juu kimefungwa boya lenye setelaiti linalomwambia kapteni kuna samaki kiasi gani. Sheria ya mwaka 2019 ya Kamisheni ya Jodari ya Bahari ya Hindi, ile IOTC yenye ofisi palepale Victoria, iliweka kikomo cha maboya 300 yanayofanya kazi kwa kila meli kwa wakati mmoja. Zidisha kwa idadi ya meli uone bahari ilivyojaa.

Shida ya papa iko kwenye fadi. Kundi huru unapata jodari karibu watupu, lakini chini ya fadi wanakaa sehewa, watoto wa jodari, vikande, faulusi, na papa siliki, aina ya papa wa bahari kuu, wengi wao bado wadogo, urefu wa mkono na kidogo. Zamani fadi zilining'inizwa nyavu kuukuu na papa walikuwa wananasa mle na kufa bila mtu kuona, watafiti mwaka 2013 walikadiria kwa Bahari ya Hindi peke yake ni kati ya laki 4 na 80 elfu na laki 9 na 60 elfu kwa mwaka, ndo maana sa hivi nyavu chini ya fadi zimepigwa marufuku zinatumika kamba.

Turudi melini. Wavu ukishapunguzwa, samaki wote wanabaki wamebanwa kwenye tumbo ubavuni mwa meli, ndo inashuka salabardo, jina la Kihispania lakini melini kila mtu analitumia, ni upawa mkubwa wa wavu unaoning'inia kwenye krini, mchoto mmoja tani kadhaa. Inamwaga kwenye beseni la chuma pale deki, samaki wanaporomoka chini kwenye mkanda kwenda kwenye matangi. Sisi wa deki juu tulikuwa tunachomoa papa pale kwenye beseni, tunamshika mkia, tunamrusha. Anazama, basi, kwenye fomu anaandikwa hai.

Aliyenifumbua macho ni mwangalizi wa uvuvi, yaani mtu anayepanda melini kuandika kinachovuliwa na kinachorudishwa, tuliyekuwa naye safari moja, Mkenya wa Malindi, tukiongea Kiswahili usiku kucha maana wengine wote Kifaransa na Kihispania. Akaniambia, "Kaka, hao unaowatupa nusu yao hawafiki kesho." Akanionesha utafiti uliotoka 2014, umefanywa hukuhuku Bahari ya Hindi kwenye meli kama yetu, waliwafunga papa siliki vifaa vya setelaiti kabla ya kuwaachia. Papa waliopandishwa na salabardo 72% walifika wameshakufa, na wale waliorudishwa hai karibu nusu, 48%, walikufa baadaye. Jumla ni 85%. Lakini wale wachache walionasa kwenye macho ya wavu wakati unavutwa, wakatolewa mapema kabla ya kubanwa, waliokufa ni 18% tu.

Ukikaa na hizo namba mbili, 85 na 18, unaelewa kila kitu. Mimi nilikuwa nafikiri papa anakufa kwa kukaa deki. Kumbe anakufa mle ndani ya tumbo la wavu. Papa wa bahari kuu lazima aogelee ndo maji yapite kwenye matamvua, akibanwa na tani za jodari hawezi kusogea, anakosa pumzi, anahangaika misuli inajaa asidi, juu yake uzito, halafu ndo anachotwa. Kwahiyo hata ukimbeba kama yai pale deki, umemchelewa.

Kuanzia hapo nikawa nahangaika na kitu kimoja, kumtoa mapema. La kwanza lilikuwa la pawabloku. Papa aliyenasa kwenye wavu anapanda nao juu, akipita kwenye roda anasagwa. Nikamwomba serahangi, msimamizi wa kazi za deki, mzee mmoja Mbaski mkali kama pilipili, kwamba nikimwona papa anapanda ninyanyue mkono asimamishe roda kidogo. Alikataa. Kila sekunde kwake ni samaki. Nilimpata siku papa mkubwa alipopita juu na kudondoka katikati ya watu wanaopanga vyelezo, wakatawanyika, wavu ukapangwa vibaya ukatupotezea muda kuliko huo wa kusimamisha. Sikumwambia kitu. Wavu uliofuata mkono ukinyanyuka roda inasimama. Nilikuwa na kisu cha ncha butu kiunoni, unakata macho mawili matatu ya wavu pale kwenye pezi, mwenzako kashika, papa anatoka na anarudi upande wa nje. Kushona macho matatu ni kazi ya dakika.

La pili ndilo najivunia, wallahi. Sisi watu wa pwani ni watu wa mshipi pia. Wavu ukishafungwa chini lakini bado mpana, papa mara nyingi wanaonekana wanazunguka juujuu, jodari wako chini zaidi. Yule mwangalizi akaniambia watafiti wameshajaribu kuwavua papa kwa mshipi ndani ya wavu kabla haujabana. Nikamwambia hiyo mbona ndo kazi yangu tangu niko mdogo. Kapteni kumkubalisha haikuwa rahisi, anaogopa boti kunasa kwenye wavu, na ana haki. Tukakubaliana kiboti kikae kimeshika vyelezo, injini imezimwa, watu wawili tu, bahari ikichafuka hamna kushuka. Ndoana nikaibana jino kwa koleo ili itoke kirahisi, chambo kipande cha sehewa chenye damu, huhitaji uzito wala nini. Wanakula haraka sana hawa, hawajaanza kuchoka. Unamvuta mpaka ubavuni, mwenzangu anakandamiza vyelezo viwili vitatu chini ya maji kwa mguu, unamgeuza kichwa upande wa nje unachomoa ndoana, anaondoka mbio, maji yanaruka. Huyo hata bila setelaiti unajua ana nguvu. Hatukuwapata wote na hatungeweza, wengine hawali kabisa, na siku za upepo hatukushuka. Lakini kila mmoja aliyetoka hapo hakupita kwenye salabardo.

Wanaobaki ndo unawahudumia deki, na hapo kuna adabu zake. Papa usimnyanyue kwa mkia, hana mbavu, matumbo yake yote yanaelemea upande mmoja na uti unaumia. Usitie mkono kwenye matamvua, usimpige kulabu. Mdogo mtu mmoja anamtosha, mkono mmoja kwenye pezi la mgongo mwingine chini ya tumbo. Mkubwa watu wawili, kichwa akae mbali na miguu ya watu. Tulitandika turubai lenye maji kutoka kwenye beseni mpaka ukingoni, anateleza mwenyewe, na hapo serahangi alifurahi kabisa kwa sababu papa hazibi tena njia ya samaki na hakuna mtu anang'atwa. Aliyeshuka mpaka kwenye mkanda chini gizani, huyo kwakweli tulikuwa tunamtoa kwa ajili ya fomu tu.

Taa wakubwa, wale wenye mabawa, ni wagumu zaidi maana wazito na hawana pa kushika. Watu walikuwa wanawatoboa kulabu wapitishe kamba, hiyo IOTC ilishakataza 2019. Sisi tulimlaza kwenye kipande cha wavu chenye kamba nne pembeni, krini inamnyanyua mzimamzima. Kasa ni rahisi, ukimwona ndani ya wavu skifu inamfuata inamtoa. Akiwa amekunywa maji na amelegea usimrushe, mlaze kwa tumbo sehemu ya nyuma imeinuliwa kama sentimita 15 au zaidi, kivulini, gamba limefunikwa kitambaa chenye maji, muache hata usiku mzima mpaka aanze kupiga makasia mwenyewe. Na potwe, yule papa mkubwa kuliko wote, toka 2013 hairuhusiwi kumzungushia wavu kwa makusudi, ila kuna siku hujamwona anaibuka ndani. Unashusha vyelezo mbele yake au unakata wavu, anapita taratibu kama hakuna lililotokea, kamba ya mkiani usimfunge kamwe.

Kuna wenzangu hawakupenda haya mambo. Bonasi yetu ilikuwa kwa tani, mtu akiona nimekata wavu anaona nimemkata yeye mfukoni, na Mmadagaska mmoja tuliyelala chumba kimoja alikuwa ananiita daktari wa papa mpaka tunashuka Victoria. Nilichofanya sikubishana, nilichukua kazi ya kushona yale macho mwenyewe wakati wao wanakula. Na wavu mkubwa ukiwa umejaa kupita kiasi, au jua linazama, kapteni hasikii la mtu, boti haishuki na roda haisimami, hiyo ndo hali, usije ukagombana na mtu mwenye chombo chake.

Kama umepata nafasi, glovu nenda nazo zako, za ngozi na ziwe ndefu mpaka karibu na kiwiko, maana ngozi ya papa ni msasa. Za melini zipo lakini saizi zake ni za majitu, utaonekana umevaa viatu mikononi, na ndoana za kubana jino huko hawana kabisa, zinunue Tanga.