Chemsha bongo ya Desemba 9

Sikukuu ya Uhuru ikikaribia, familia nyingi na vijana wa mitaani huandaa chemsha bongo ya kuijua nchi. Naipenda desturi hii, na ndiyo maana nachukia kuona swali la kwanza likiwa "Tanzania ilipata uhuru lini?" Swali hilo lina kasoro. Iliyopata uhuru Desemba 9, 1961 ni Tanganyika. Siku hiyo Mwalimu Nyerere alikuwa Waziri Mkuu, na mkuu wa nchi alikuwa bado Malkia Elizabeth wa Pili. Jamhuri ilikuja mwaka mmoja baadaye, Desemba 9, 1962, ndipo Mwalimu akawa Rais. Zanzibar ilipata uhuru wake Desemba 10, 1963, Mapinduzi yakafuata Januari 12, 1964, na Muungano Aprili 26. Hata hapo jina Tanzania lilikuwa bado: nchi iliitwa Jamhuri ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar hadi Oktoba 29, 1964. Katika aya hii peke yake kuna maswali matano mazuri, na kila moja lina jibu moja tu.

Jibu moja tu, hilo ndilo la kuzingatia. Ukiuliza "Ziwa kubwa ni lipi?" mmoja atasema Viktoria, mwingine Tanganyika, na ubishi hautaisha mpaka pilau ipoe. Uliza eneo au uliza kina. Kwa eneo ni Viktoria. Kwa kina ni Tanganyika, karibu mita 1,470, la pili duniani baada ya Baikal. Idadi ya mikoa nayo inahitaji uangalifu. Sasa ni 31, lakini aliyesoma zamani atakupa hesabu ya kitabu chake, maana Geita, Katavi, Njombe na Simiyu ilianzishwa 2012 na Songwe 2016. Sema "kwa sasa" ndani ya swali lenyewe.

Maswali 20 yanatosha. Gawa timu za watu wanne, kila moja iwe na mzee na mtoto. Mzee ndiye atakayekumbuka Azimio la Arusha la 1967, au Filbert Bayi alivyovunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch mwaka 1974. Mtoto atataja mikoa bila kumeza mate. Majibu yaandikwe kwenye karatasi, sekunde 30 kwa swali. Wakijibu kwa kupaza sauti, mwenye mdomo mwepesi atamaliza pointi zote na wapole watanyamaza hadi mwisho. Simu zikusanywe kwenye kikapu kabla ya kuanza.

Swali ninalolithamini kuliko yote halijibiwi kwa maneno: chora bendera ya Taifa. Wape kila timu kalamu za rangi nne na dakika mbili. Wengi watakumbuka rangi, watakosea mpangilio. Mshazari mweusi unaanzia kona ya chini upande wa mlingoti na kupanda hadi kona ya juu upande wa pili. Wengi huuchora ukishuka. Pembe ya juu iliyo upande wa mlingoti ni kijani, ya chini ni buluu, na hizo mbili hubadilishwa sana. Mistari ya njano iwe miwili, mmoja kila upande wa ule mweusi. Anayechora mmoja apoteze pointi. Toa pointi moja kwa rangi, moja kwa mwelekeo wa mshazari, moja kwa pembe na moja kwa njano. Wakimaliza, waambie ilikotoka: bendera ya Tanganyika ilikuwa na kijani, njano na nyeusi, ya Zanzibar ikawa na buluu, nyeusi na kijani, na 1964 zikaunganishwa.

Usisahau Alexander Nyirenda, luteni aliyepandisha bendera na Mwenge kileleni Kilimanjaro usiku wa Uhuru. Watoto wengi wanaujua Mwenge unaokimbizwa kila mwaka, ila jina lake hawalijui, na kwangu hilo ni pengo kubwa.

Timu zikifungana, uliza swali la kukadiria: reli ya TAZARA, kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, ina urefu wa kilomita ngapi? Ni takribani 1,860. Aliyekaribia zaidi ndiye mshindi.