Nilivyoacha pombe, mwaka wa nne sasa sijagusa

Nianze na asubuhi maana watu wengi wakiongelea ulevi wanaongelea usiku. Mi shida yangu ilikuwa asubuhi, naamka mikono inatetemeka, jasho, moyo unaenda mbio, kikombe cha chai sikibebi kwa mkono mmoja, nikizimua, yaani nikinywa kidogo tu hiyo asubuhi, kila kitu kinatulia, basi nikajiaminisha kwamba mi sio mlevi, mi nazimua tu. Miaka tisa hiyo. Raha yenyewe ilishaisha kitambo, nilikuwa nakunywa ili niweze kufunga vifungo vya shati niende kazini.

Mara ya kwanza niliacha kibabe, nikamwaga chupa zote nikajifungia ndani. Hapa naomba usome taratibu. Siku ya pili nikaanguka degedege, kaka yangu ndo alinikuta sakafuni nimejiuma ulimi. Daktari alinieleza vizuri sana, kwamba pombe inapoza ubongo, na ukinywa kila siku kwa miaka ubongo nao unajiongezea kasi ili kufidia, sasa ukiikata ghafla ile kasi inabaki peke yake haina wa kuizuia, ndo unatetemeka, unaanguka, wengine siku ya 3 au ya 4 wanaanza kuona vitu ambavyo havipo na mtu anaweza kufa kabisa. Mi nilijua arosto, yale mateso ya mwili ukikatiwa kilevi, ni ya watu wa unga tu! Nikalazwa siku sita, dawa za kutuliza zinapunguzwa dozi kidogo kidogo, na sindano za vitamini B1 kwa sababu mlevi wa muda mrefu anaishiwa nayo na ikikosekana ubongo unaweza kuharibika. Kwa hiyo kama na wewe unaamka unatetemeka, usiache peke yako chumbani. Nakuomba sana.

Nilivyotoka mwili ulikuwa safi ila ikifika saa kumi na moja jioni miguu inajua njia yenyewe. Nikaanza kuiangalia ile hamu kwa saa ya ukutani, inakuja, inapanda mpaka mate yanajaa mdomoni, halafu inashuka, mara nyingi haikumaliza nusu saa. Nikaacha kuapa sinywi maisha yangu yote, nikawa nasema hii nusu saa sinywi. Nikagundua pia nikiwa na njaa au nimegombana na mtu inakuja mara mbili, basi nikawa nakula kabla sijatoka kazini na njia ya kurudi nyumbani nikabadilisha.

Mwezi wa saba nikateleza. Sherehe, glasi moja, watu wananiambia si ulishapona wewe, na siku ya tatu nikawa nazimua tena asubuhi kama vile sikuwahi kuacha. Ile aibu ndo ilitaka kuniua kuliko pombe yenyewe. Kaka hakunitukana, alisimama mlangoni akasema, "Mdogo wangu, vaa viatu twende," tukarudi hospitali.

Safari hiyo nikajiunga na kikundi cha watu walioacha. Huko ndo nilisikia habari ya Bill Wilson, Mmarekani, mwaka 1935 alikuwa mji wa Akron ana miezi michache tu bila pombe, biashara iliyompeleka imeharibika, yupo hotelini anasikia kelele za baa, badala ya kuingia akapiga simu kutafuta mlevi mwenzake wa kuongea naye. Akaunganishwa na daktari mmoja, Bob Smith, na ndo AA (Alcoholics Anonymous, vikundi vya walevi wanaosaidiana kuacha) ikaanzia kwa hao wawili. Mi hiyo habari ilinishika kwa sababu simu yake haikuwa ya kumsaidia yule daktari, alipiga ili yeye mwenyewe asinywe. Mi nilikuwa naona nikimsumbua mtu usiku nitaonekana dhaifu. Nikaanza kupiga. Kuna mzee mmoja pale kikundini nimempigia hadi saa nane za usiku na hajawahi kununa hata siku moja.

Jana usiku simu ilikuja kwangu. Kijana, sauti inatetemeka, anasema ameshamwaga zote na kesho anaanza. Nikamuuliza asubuhi mikono yako ikoje? Akanyamaza. Nikamwambia usilale peke yako leo, kaa na mama yako hapo sebuleni, ukianza kuona mauzauza au ukizidiwa msisubiri kuche, nipigieni. Saa moja asubuhi nilikuwa mlangoni kwao, nimempeleka, na hivi naandika nikiwa kwenye benchi la hospitali, bado wapo naye ndani.