Plagi na swichi janja: fungua boksi la ukutani kabla hujanunua

Zima breka ya taa, hakikisha kwa testa kwamba umeme haupo kweli, kisha legeza skrubu mbili za swichi ya sebuleni na uivute taratibu. Usiamini maandishi ya kwenye boksi la breka, mara nyingi hayalingani na vyumba. Katika nyumba nyingi za hapa Uganda utakuta nyaya mbili tu, pengine zote nyekundu. Moja imefungwa kwenye skrubu yenye alama COM, inaleta umeme. Nyingine iko L1, inapanda kwenye taa. Nyutro, yaani waya wa kurudisha umeme, haimo. Fundi aliipitisha juu moja kwa moja hadi kwenye taa, na hakukosea, maana swichi ya kawaida haina kazi nyingine zaidi ya kukata na kuunga waya wa moto.

Swichi janja, ile unayoiwasha kwa simu, ni tofauti. Ndani yake kuna redio inayosikiliza usiku na mchana hata taa ikiwa imezimwa, na redio hiyo lazima ipate umeme wa kuingia na njia ya kurudi. Swichi nyingi zinazouzwa mtandaoni zinadai nyutro, na mnunuzi hugundua hivyo akiwa tayari amebandua swichi ya zamani.

Kuna njia tatu. Iliyo bora kwangu ni kuvuta waya mpya wa nyutro wa milimita 1.5 za mraba kutoka darini kupitia bomba lililomo ukutani. Bomba la milimita 20 lenye nyaya mbili lina nafasi ya kutosha ya waya wa tatu. Nyutro hiyo itoke kwenye saketi ileile ya taa. Ukiazima ya soketi iliyo karibu, breka inayolinda dhidi ya uvujaji wa umeme inaweza kuruka kila unapowasha taa. Baya zaidi, siku fundi atakapozima breka ya soketi ili afanye kazi, nyutro aliyoishika itakuwa bado na mkondo wa taa.

Njia ya pili inafaa pale ambapo waya wa moto unashuka kwenye swichi ukitokea kwenye kiungo cha darini. Moduli janja ndogo ya relei (swichi inayoendeshwa na umeme) inawekwa juu kwenye kiungo hicho, na zile nyaya mbili za ukutani zinageuzwa kuwa za ishara tu, kwenye matundu yake ya S1 na S2. Swichi yako ya zamani inabaki na inaendelea kutumika.

Ya tatu ni swichi isiyohitaji nyutro. Hii hujilisha kwa kupitisha mkondo mdogo sana ndani ya taa yenyewe, kwa hiyo balbu ya LED ya wati 3 inaweza kupepesa au kubaki na mwanga hafifu usiku kucha. Swichi nyingi za aina hii huja na kapasita kwenye kifuko kidogo. Kapasita hiyo hufungwa kwenye taa, kati ya waya wa moto na nyutro. Ukiifunga kwenye swichi haisaidii kitu.

Ukiwa bado umefungua, chukua rula upime kina cha boksi kuanzia usawa wa plasta. Maboksi yetu ni ya Kiingereza, ya mraba, na mengi yana milimita 16 au 25. Swichi janja nyingi hazikai vizuri chini ya milimita 35. Ukilazimisha, nyaya hubanwa na skrubu hulegea. Swichi ndefu za mstatili za Marekani ziache kabisa: haziingii kwenye boksi hili, na nyingi zimetengenezwa kwa volti 120 ilhali sisi tuna 240.

Kwa plagi janja, kinachotawala ni ampea. Soketi yetu ya pini tatu bapa ina kikomo cha ampea 13, yaani wati 3,120 kwa volti 240. Plagi yenye pini za duara iliyoandikwa 16A haikuongezei chochote ukiichomeka kupitia adapta, kwa sababu mkondo wote unapita kwenye vibati vyembamba vya adapta hiyo, na adapta nyingi hukata njia ya ethi, waya wa usalama unaoingia ardhini. Itazame baada ya mwezi mmoja wa kupigia pasi: utaona duara la kahawia limeanza kuzunguka tundu moja. Hapo kiungo kimelegea, kinachemka, na kadiri kinavyochemka ndivyo kinavyozidi kulegea. Nunua toleo lenye pini tatu bapa na fyuzi yake.

Plagi ya ampea 10 inabeba wati 2,400. Birika la wati 2,200 linapita, na kwa kuwa linachemsha kwa dakika chache tu, hakuna tatizo. Shawa ya umeme ni habari nyingine. Ya wati 5,500 inavuta karibu ampea 23, na hakuna plagi wala swichi janja ya ukutani ya kawaida inayostahili kuibeba. Hapo unaweka kontakta, yaani swichi kubwa inayovutwa na sumaku ya umeme (koili), ya ampea 40 na koili ya volti 240, ndani ya boksi la breka. Kontakta ndiyo inayobeba mzigo, na moduli janja inawasha koili peke yake, kwenye skrubu zenye alama A1 na A2. Kazi hiyo mpe fundi mwenye kibali cha ERA, mamlaka ya udhibiti wa umeme.

Pampu ya maji inadanganya watu wengi. Kibandiko kinasema wati 750, mtu anaona plagi ya ampea 10 inatosha. Lakini mota inapoanza huvuta mara tano hadi saba ya mkondo wake wa kawaida kwa muda mfupi, na cheche zake huyeyusha vidole vya relei iliyo ndani ya plagi mpaka vikagandana. Programu kwenye simu itakuambia imezima, huku pampu inanguruma na tanki linafurika. Pampu nayo ipate kontakta, safari hii ya daraja la AC-3, lililokusudiwa mota, na boya la kukata umeme tanki likijaa libaki mahali pake. Friji siiwekei plagi ya kuzima na kuwasha. Inahitaji kifaa cha kuilinda dhidi ya volti mbovu, chenye kuchelewa dakika kadhaa umeme unaporudi.

Umeme kurudi ndilo jambo ninalolisisitiza kuliko yote. Tafuta kwenye programu mpangilio wa hali baada ya umeme kukatika: kuwaka, kuzima, au hali ya mwisho. Pasi, heta na pampu ziwekwe kuzima. Taa za nje hali ya mwisho. Kifaa kisicho na mpangilio huu usikinunue, hata kikiwa rahisi. Balbu janja nazo zina udhaifu wake: nyingi hujifuta mipangilio zikizimwa na kuwashwa mara tatu hadi tano mfululizo. Umeme ukipepesa jioni moja, asubuhi unazisajili upya. Kwa hiyo napendelea swichi janja yenye balbu ya kawaida.

Upande wa mtandao, karibu plagi zote za Wi-Fi hutumia 2.4 GHz tu. Kama rauta yako imeunganisha 2.4 na 5 chini ya jina moja na usajili unakwama, zitenganishe kwa muda. MiFi, rauta ndogo ya kubebwa, haifai, kwani ukiondoka nayo kwenda kazini nyumba yote inabaki bila mtandao. Rauta ipate betri ndogo ya akiba, yenye volti zilezile zilizoandikwa kwenye adapta yake, 9 au 12. Bando likiisha, vifaa vinavyotegemea seva za mbali haviitiki simu yako. Jaribu mapema kwa kuzima data ya rauta huku Wi-Fi ikiwaka.

Zigbee, mtandao mwingine wa redio wa vifaa janja, inahitaji kituo chake, ila inavumilia intaneti mbovu. Alama ya Matter, kiwango cha pamoja cha vifaa janja kilichoanza mwaka 2022, isomwe hadi mwisho: ikiwa ni Matter kwa Thread (redio nyingine, si Wi-Fi), utahitaji kifaa cha kuunganisha Thread na mtandao wa nyumbani.

Ukitaka kufuatilia yuniti za Yaka, umeme wa kulipia kabla, soma namba ya modeli kwa makini. Kwa mfano, plagi ya Tapo P110 inapima matumizi. P100 haipimi, na kwa macho zinafanana. Kumbuka plagi zenyewe hula: kumi zenye wati 1 kila moja ni yuniti 7.2 kwa mwezi wa siku 30.

Nunua moja kwanza. Ichomeke, iwekee mzigo wa wati 2,000 kwa nusu saa, zima soketi, chomoa, uguse pini. Vuguvugu ni sawa. Zikichoma kidole, irudishe dukani, na iangalie pia soketi yenyewe.