Mvua ya redio kila usiku, na mtoto analala

Jirani yangu tunayeshea naye ukuta aliniuliza kwa heshima zote kama bomba letu limepasuka, maana kila usiku anasikia maji yanamwagika na sisi wala hatushtuki. Sio bomba. Ni redio ndogo ya memori kadi inapiga sauti ya mvua, inampigia binti yangu wa miezi minne ambaye bila hiyo mvua hamna mtu analala humu ndani. Sasa kwa vile hili swali nimelijibu sana, acha niandike mara moja kwa wazazi wenzangu wenye vichanga, hasa mliopo huku Dodoma maana kelele za huku zina staili yake.

Sisi tunakaa Nzuguni, nyumba ya kupanga, chumba chetu hakina dari. Wenye mji wao wanajua upepo wa kuanzia mwezi wa sita kwenda mbele unavyokuwa, kuna bati moja msumari umelegea basi lenyewe linakaa kimyaaa robo saa alafu PAA! Ng'ambo ya barabara kuna fundi mageti na grainda lake, na kuna kijana wa bodaboda katoa sailensa makusudi kabisa anapita saa tano usiku kila siku ya Mungu. Mtoto mchanga akisikia PAA hafungui macho kwanza, anaanza mikono, inaruka juu yote miwili vidole vimetanuka kama anadaka mpira, anakaa hivyo sekunde moja, uso unakunjamana, alafu ndo kilio. Ule mshtuko madaktari wanauita mororefleksi, watoto wote wazima wanazaliwa nao na unapotea wenyewe kwenye miezi minne mpaka sita hivi. Sio kwamba karogwa wala hana zongo.

Na hapa ndo waiti noizi, yani sauti moja ya shhh isiyokatika, inapoingia. Kinachomwamsha mtoto mara nyingi sio kelele yenyewe, ni lile badiliko la ghafla toka kimya kwenda PAA. Ukiweka sauti moja isiyopanda wala kushuka, shhhhhh muda wote, ile PAA inazama humo humo, haichomozi sana. Waiti noizi halisi ni sauti za juu, za kati na za chini zote kwa nguvu sawa kwa pamoja, ndo ile redio ikiwa haijashika stesheni. Mimi ile inanikera masikio siwezi kudanganya. Kuna nyingine inaitwa pinki ambayo zile sauti nyembamba zimepunguzwa, iko karibu na mvua, na brauni imepunguzwa zaidi, inanguruma kama maporomoko yakiwa mbali. Kwa mtoto wangu zote zimefanya kazi, kwa hiyo tukachagua ambayo wazazi tunaivumilia, yani mvua. Unaelewa mwenyewe, Dodoma mvua ya kweli tunaionja miezi minne mitano kwa mwaka ila binti yangu kila usiku inamnyeshea.

Kuna utafiti wa zamani kidogo, wa 1990, ulifanyika London kwa vichanga 40 wenye umri wa siku mbili hadi saba. Nusu wakawekewa hiyo sauti, nusu hawakuwekewa. Kwenye waliowekewa 16 kati ya 20 walilala ndani ya dakika tano, wale wengine walilala watano tu. Maelezo yanayotolewa sana ni kwamba tumboni hakukuwa kimya hata siku moja, damu ya mama inapita, moyo unadunda, utumbo unaunguruma, mtoto katoka huko tunamlaza kwenye chumba kimya tunanyatanyata alafu tunashangaa analia.

Sisi hatukuanza na redio. Tulianza na feni, ila mama yangu aliyekuja toka Mpwapwa kumlea mzazi alivyoona feni inawashwa mwezi wa saba kwenye baridi ile akasema baba we unataka kumuua mtoto na nimonia? Alikuwa na haki yake. Tukaigeuza ikatazama ukutani, upepo ukaishia huko tukabaki na mlio. Ilifanya kazi vizuri mno mpaka umeme ulipoanza kukatika, maana ukishazoesha mtoto mlio, mlio ukikata ghafla ni kama PAA kwa kinyume, mtaa mzima bado hawajajua umeme umekatika binti yangu keshatangaza.

Tukahamia kwenye simu, video ya mvua masaa kumi. Wiki ya kwanza raha. Siku hiyo mtoto kasumbua toka saa mbili, mke wangu kambembeleza mpaka mgongo unamuuma, kalala, tunatoka kwa ncha za vidole, mara katikati ya mvua likaingia tangazo la kubeti, jamaa anapiga kelele za jakpoti kwa sauti yote. Sina la kuongeza hapo. Na bando nalo lilikuwa linakwisha kama maji.

Ndo nikanunua karedio ka kuchaji pale soko la Majengo, nikaweka faili la mvua kwenye memori kadi. Angalieni kitu kimoja, mafaili mengi ya mtandaoni ni mafupi, yakifika mwisho yanakata kidogo kabla ya kuanza upya, na hicho kijikimya mtoto anakisikia. Tafuta faili refu, la saa nzima au zaidi, na mwisho wake usiwe ule wa sauti kufifia taratibu.

Sasa turudi kwa mama. Alivyoikuta redio iko kichwani kwa mtoto, mke wangu ndo aliiweka pale ili isikike vizuri, mama akaitoa bila kuuliza mtu. "Mama Neema, hiki kidude kitamfanya mwenzio kiziwi." Mke wangu akanyamaza kwa adabu, mimi nikataka kubisha kisomi. Nilivyokwenda kusoma nikakuta mama yuko karibu na ukweli kuliko mimi. Mwaka 2014 watafiti wa Toronto, Kanada, walipima mashine 14 za sauti za kulazia watoto kwa sauti ya mwisho kabisa, na kwa umbali wa sentimita 30 zote zilivuka desibeli 50 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), ambacho ndo kiwango kinachopendekezwa kwa vyumba vya watoto wachanga hospitalini. Tatu zilivuka 85, na 85 ni ile kelele ambayo mtu mzima akifanya nayo kazi masaa nane anatakiwa avae kinga ya masikio. Yani unamweka kichanga karibu na lile grainda la jirani unaita usingizi.

Wengine huko Marekani waliwahi kukuza watoto wa panya ndani ya kelele mfululizo usiku na mchana, majibu yakatoka 2003, ile sehemu ya ubongo inayochambua sauti ikachelewa kukomaa. Walipotolewa kwenye kelele ikaendelea kukomaa. Panya sio binadamu na sisi hatuwashi masaa 24, ila kwangu ilitosha kutoiacha ikilia mchana kutwa. Mchana mtoto asikie watu, asikie sufuria, asikie bibi yake akimwimbia Kigogo, lugha anajifunzia humo.

Kwa hiyo sasa hivi redio inakaa juu ya kabati, mita mbili na zaidi toka alipo mtoto, nje ya chandarua, sauti chini. Umbali unasaidia kuliko watu wanavyodhani, ukiuongeza uwe mara mbili sauti inashuka kama desibeli sita hivi, ndani ya chumba kidogo inapungua pungufu ya hapo kwa sababu kuta zinairudisha. Kipimo chetu ni hiki: mimi na mke wangu tukikaa alipolala mtoto tuweze kuongea kawaida bila kupandisha sauti. Kuna programu za simu za kupima desibeli, mimi ninayo, sio kipimo cha maabara ila inakupa mwanga. Mtoto akishazama usingizini tunapunguza tena, na usiku wenye upepo mkali tu ndo tunaiacha mpaka asubuhi.

Ila jamani redio sio nyonyo. Mtoto mwenye njaa ukimwekea mvua utapata mtoto mwenye njaa anayelia kwenye mvua. Tunaangalia kwanza kanyonya, kacheua, pempasi kavu, mwili hauna joto, na kama ana homa na umri huu mdogo hilo sio la redio ni la hospitali usiku huo huo. Na wapo watoto ambao sauti hii haiwafanyii kitu kabisa. Wa shemeji yangu yule wa Kisasa alilia nayo wiki nzima, wakaachana nayo, yeye anataka kubebwa mgongoni na kanga basi.

Alafu mambo ya waya. Redio tunaichaji mchana ili usiku ikae bila waya wowote karibu na mtoto, na mtoto analala chali, hana mto, hana mablanketi ya kujazana usoni. Mama hapo kwenye chali bado hajakubali, anasema sisi wote tulilala kifudifudi na tuko hai. Hiyo kesi inaendelea.