Mboga Barabarani

"Mama, nani kamwaga mboga barabarani?"

Tulikuwa tumeshaipita Muheza tukirudi Dar, Jumapili, shule zinafunguliwa kesho yake, na mimi kichwa kimejaa hesabu za sare na viatu. Mbele yetu, upande wetu wa lami, kulikuwa na matawi. Fungu la kwanza, hatua kadhaa fungu la pili, mbele yake la tatu. Mabichi kabisa, yale majani madogo madogo ya lusina yanayojikunja mara tu ukiyavunja. Nikaondoa mguu kwenye mafuta. Baba yake, aliyekuwa amelala kiti cha pembeni na mkanda umembana shingo, alifumbua jicho moja, akasema, "Gari bovu hilo," akalifumba.

"Siyo mboga, mwanangu. Ni alama. Kuna gari limeharibika mbele."

"Sasa si wangeandika?"

Nilicheka, lakini viganja vilikuwa vimeshaanza kulowa kwenye usukani. Mtoto wa siku hizi hakuachi upumue: "Mama, mbona umenyamaza?"

Mnaonijua mnajua naendesha kama bibi harusi. Mawifi zangu wanasema nikialikwa harusi Tanga nikatoka Dar na gari langu, nitaikuta imeshazaa. Wanadhani ni woga wa trafiki. Nimewaacha waendelee kudhani.

Hale, 1996, mwaka mmoja kabla ya zile mvua za El Niño. Nilikuwa na miaka 11, nakaa kwa bibi mzaa mama, nyumba ya tatu kutoka barabara ya Segera na Tanga. Umeme ulifuliwa pale pale Hale kwa maji ya mto Pangani, sisi tunasoma kwa koroboi. Bibi alikuwa akisema umeme ni kama binti, unamlea wewe, anafaidi mwenzio.

Mtoto aliyekulia kando ya barabara kuu ana elimu yake. Usiku tulikuwa tunalala tunajua lori lililopita limebeba au ni tupu, kwa mlio tu. Na majani tuliyajua kabla ya kujua a-e-i-o-u. Sheria ya Usalama Barabarani ipo tangu 1973, na wakubwa walikuwa wakizungumzia pembetatu zinazoakisi mwanga, lakini nani alikuwa nazo? Utingo alikuwa na panga. Gari likifa, anaruka chini, anakata matawi ya karibu, anapanga mafungu nyuma ya gari na mengine mbele, anaweka jiwe chini ya tairi, kisha ndiyo wanaanza kulaumiana na dereva. Hakuna aliyewafundisha, na hakuna dereva asiyesoma.

Kasoro ilikuwa moja. Gari likipona, watu wanapanda, wanaondoka. Majani wanayaacha, jiwe wanaliacha. Kwa hiyo barabara ilikuwa imejaa tahadhari za magari ambayo yalishafika Chalinze zamani. Madereva wakajifunza kukisia: yamenyauka, kanyaga, mabichi, punguza. Na kama ni usiku, huoni yamenyauka au hayajanyauka, unamwachia Mungu.

Sasa niwaambie kuhusu Karani. Karani alikuwa mbuzi wa bibi, jina alipewa baada ya kutafuna daftari langu la hisabati lote na jalada. Wiki ile alikuwa amezaa, na bibi aliniagiza majani kabla ya magharibi, ale apate maziwa. Nikaenda kucheza rede, ule mchezo wa kukwepa mpira. Mnajua rede ilivyo, hasa ikiwa wewe ndiye uliyebaki katikati na hawajakupata. Niliposhtuka jua lilikuwa limeshagusa mikonge, na lusina za kukata zilikuwa mbali, ng'ambo ya reli.

Nikarudi kwa barabara kuu. Karibu na kona, upande wa magari yanayotoka Muheza, nikayakuta. Mafungu matatu. Lusina. Yamekatwa tayari, kama vile kuna mtu kaagizwa na bibi kwa niaba yangu. Nilitandika kanga, nikayafunga yote, nikajitwika. Nilikuwa nimebahatika, ndivyo nilivyojiambia, na nilipofika nyumbani bibi alinisifu.

Ilikuwa kama saa mbili usiku, tunakula bada. Breki hazikulia. Ulikuja mshindo mmoja tu, kama paa zima la bati limeangushwa kutoka juu, halafu kimya. Halafu, ndani ya kile kimya, vishindo vidogo vidogo, du, du, du, vingi, vikishuka na mteremko kuja kwetu. Mjomba alisimama na tonge mkononi. Tulipotoka nje nilikanyaga kitu cha duara nikaanguka. Lilikuwa chungwa. Barabara nzima ilikuwa machungwa.

Fuso lililotoka Muheza kupeleka machungwa Dar lilikuwa limeingia nyuma ya lori la saruji. Lori lilikuwa limekufa difu tangu alasiri, limesimama mbele kidogo ya kona, halina taa hata moja. Kichwa cha Fuso kilikuwa kimeingia chini ya bodi, na mifuko ya juu ilikuwa imepasuka ikamwagika.

Kuna mambo ya usiku ule nimeyasahau kabisa. Sijui nani alileta nondo, sijui ilichukua muda gani. Lakini kuna kipande kimoja ninacho chote, naweza kukizungusha nikakitazama kila upande.

Mjomba alinipa kandili. "Shika hapa. Usitikise." Nikawa nimesimama kwenye mlango wa Fuso, au pale ulipokuwa mlango, nimenyanyua mkono, taa iko usawa wa uso wa dereva. Alikuwa mweupe. Saruji ilikuwa imemjaa nywele, nyusi, kope, akawa kama mzee wa miaka 80, ila pale jasho lilipopita ngozi ilionekana, ngozi ya kijana. Miguu ilikuwa imebanwa chini huko sikuiona. Harufu ilikuwa ya dizeli na maganda ya machungwa kwa pamoja, na chini ya miguu yangu saruji na maji ya machungwa vilikuwa vinageuka tope linalonata. Nyuma yangu watu walikuwa wengi. Wengine wanavuta nondo kwa kuhesabu, wengine, siwezi kuwasemea, walikuwa wanaokota machungwa kwa kanga.

Aliomba maji. Mtu akasema asipewe, akipewa atakufa. Mama mmoja akapasua chungwa kwa meno akamkamulia mdomoni. Akameza. Kisha akasema, siyo kwa sauti kubwa, kama mtu anayetoa maelezo dukani:

"Hakukuwa na majani."

Dereva wa lori la saruji akaruka. "Tumeweka! Utingo wangu huyu hapa, aseme mwenyewe!"

Utingo alikuwa mvulana, tuseme miaka 16, mwembamba, fulana imechanika kwapani. "Wallahi nimeweka. Mafungu matatu, kwa mkono wangu huu."

Watu wakaenda na tochi hadi nyuma ya kona. Enzi hizo tochi ilikuwa kitu cha kumulikia njia, siyo cha trafiki kupimia mwendo. Wakarudi. "Hakuna kitu huko. Jani moja hakuna."

Mzee mmoja alimzaba kofi. Mwingine akafuata. Yule mvulana hakukimbia wala hakujikinga. Alikuwa anahangaika kuonyesha panga lake. "Litazameni panga langu! Litazameni!" Alikuwa amelinyanyua juu, karibu na kandili yangu, na mimi nililiona. Vijani vidogo vya lusina vilikuwa vimegandia kwenye makali kwa utomvu, vimeanza kukauka. Nadhani nilikuwa mtu pekee aliyelitazama.

"Usitikise taa," mjomba akasema.

Nikaacha kutikisa.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Dereva wa Fuso alitolewa, akalazwa kwenye pikapu, wakaondoka naye kuelekea Korogwe, wakibishana kama waanze kituoni kuchukua PF3, fomu ya polisi ya matibabu, au waende moja kwa moja hospitali. Asubuhi trafiki walikuja na futi ya kamba, wakapima, wakaandika, na mchana kijiji kizima tukawa tunajua kilichoandikwa: mwendo kasi. Niliposikia nilifurahi, na hilo nalo naliandika hapa.

Dereva sijui aliishia wapi. Kuna waliosema hakufika. Kuna waliosema alikatwa mguu, na kwamba anauza nazi sokoni Muheza. Nilipokuwa sekondari nilimwona sokoni mtu wa mguu mmoja akiuza, siyo nazi, ni ndizi, nikazunguka soko zima nisipite mbele yake. Utingo hakuna aliyemzungumzia tena.

Bibi sijui alijua nini. Ninachojua ni kwamba asubuhi ile, kabla mjomba hajaamka, aliingia bandani kwa Karani, akazoa vile vijiti vya lusina vilivyobaki vitupu, akavichochea jikoni. Chai iliiva kwa vijiti hivyo. Ilikuwa ya maziwa. Alinimiminia kikombe, akanitazama nikinywa mpaka mwisho, akasema nikaoshe vyombo. Alifariki bila kulitaja, na mimi bila kumwuliza.

Hale siku hizi ina kijiwe cha bodaboda, na wanafunzi wanapakiwa mshikaki, watatu kwenye pikipiki moja, wa mbele kakumbatia tangi. Nikifika kwenye kibao cha 50, 50 yangu ni 45. Mabasi nayo yameruhusiwa tena kutembea usiku kucha tangu 2023, baada ya miaka mingi ya kuzuiwa, na kila mtu ninayemfahamu amefurahi, anapanda jioni anaamka kafika. Mimi huwaza giza na majani. Mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti ikasema watu milioni 1.19 hufa barabarani kwa mwaka mmoja duniani, zaidi ya nusu yao wakiwa watembea kwa miguu na watu wa baiskeli na pikipiki. Niliposoma nikajikuta nawaza yule wa Fuso, kama alikufa, wangemhesabu wapi. Mwendo kasi, basi. Na inawezekana kweli alikuwa anakimbiza. Wa machungwa wanakimbiza, mzigo unaoza. Kila ajali ikitangazwa, "chanzo ni mwendo kasi na uzembe wa dereva", sibishi. Ila najiuliza majani yake yalikuwa wapi.

Nimejitetea sana kichwani. Kwamba kati ya magharibi na saa mbili magari mengine yalipita pale pale na hayakugonga. Kwamba usiku asingeyaona. Kwamba hata angeyaona, angedhani ni ya juzi. Nilipomsimulia mume wangu, mwaka wa pili wa ndoa, alinipa hoja hizo hizo moja baada ya nyingine, maskini, bila kujua nimeshazichakaza. "Ulikuwa mtoto," akasema. "Ulidhani gari limeshaondoka."

Lakini nilipomsimulia sikumwambia habari ya nyundo. Nilipokuwa nafunga yale majani kwenye kanga, nyuma ya kona kulikuwa na nyundo inagonga chuma. Ko, ko, ko. Kwa mtoto wa barabarani sauti hiyo haina maana mbili. Au ndivyo ninavyokumbuka. Karibu miaka 30 imepita, na siku nyingine nahisi nyundo hiyo nimeiongeza mwenyewe baadaye, sijui kwa faida gani. Siku nyingine naisikia waziwazi kuliko kitu kingine chochote cha utoto wangu.

Basi Jumapili tukaenda polepole, mita mia, mita mia tatu. Hakukuwa na gari. Kulikuwa na doa la oili kwenye lami, na jiwe.

"Mama, gari liko wapi?"

"Limeshapona."

"Kwa nini hawakuzoa majani yao?"

Mume wangu akajinyoosha. "Swali zuri. Simama nikayatoe, watu wasije wakapunguza mwendo bure." Nikasimama pembeni, nikawasha taa za hatari. Akashuka, akarudi nyuma kwa miguu, suruali yake ya safari imekunjamana, binti yetu kageuka anamtazama kwa kioo cha nyuma. Nilimwona akiinama kwenye fungu la kwanza, na kabla sijajua nafanya nini nilikuwa nimeshafungua mlango, nimesimama kwenye lami, basi linapita linanipigia honi, na mimi napiga kelele:

"Usiyaguse! Chungulia kwanza kwenye kona!"

Akainuka na matawi mkononi. Akatazama kulia, akatazama kushoto.

"Kona gani?" akaniuliza. Barabara pale imenyooka kama rula.