Watu Wasio na Majina

Mama alinipigia simu asubuhi ya Alhamisi, tarehe 16 Januari 2020, nikiwa ndani ya daladala naelekea kazini. Hakuanza na habari za nyumbani kama kawaida yake. "Mwanangu, kompyuta ya baba yako imejaa Kizungu kioo kizima. Sijagusa kitu, nimeiacha hivyo hivyo."

Nilijua ni nini kabla hajamaliza. Siku mbili nyuma, tarehe 14, Windows 7, mfumo ulioiendesha kompyuta ile, ilikuwa imefika ukomo wake: isingepata tena marekebisho ya usalama, na kompyuta zilizobaki nayo zikaanza kutoa tangazo la kuwajulisha wenyewe. Nikamwelekeza alifunge lile tangazo, kisha nikamuuliza kama picha zipo. "Zipo," akasema. Nikamwahidi kwamba wiki inayofuata nitakwenda Tanga.

Laptopu yenyewe ilikuwa kuukuu, betri haikai hata nusu saa. Kilichokuwa ndani ndicho nilichokiogopea. Baba alikuwa karani wa shamba la mkonge upande wa Muheza tangu 1969 hadi alipostaafu, na mwaka wake wa pili kazini alinunua kamera kutoka kwa meneja mmoja Mgiriki aliyekuwa akifungasha virago kurudi kwao. Siku ya mshahara alipiga picha. Kuna wakata mkonge wamejipanga na mapanga kabla jua halijatoka. Kuna korona, ile mashine ya kukwangua majani, na wanawake wanaanika singa kwenye kamba, nyeupe kama nguo zilizofuliwa. Wazee wengi kati ya wale waliingia shambani zama za manamba, wale vibarua wa mkataba, na hata baba alipowakuta, kitabu cha mahudhurio kiliwajua kwa namba za vipande vyao, yaani kadi zao za kazi. Mtu alifanya kazi miaka 20 akiitwa kwa tarakimu tatu. Hilo lilimuuma baba, na alilisema mara nyingi mezani, hata pale ambapo hakuna aliyemuuliza.

Alipostaafu tulichanga tukamnunulia laptopu na skana. Akaziingiza picha moja moja, kwa miaka mitatu, miwani imeshuka puani. Aliutumia mpango wa Picasa, ambao una uwezo wa kuzitambua nyuso: unaichora sura kisanduku, unauliza huyu ni nani, nawe unaandika. Google waliacha kuuendeleza Machi 2016, lakini uliokwishasakinishwa uliendelea kufanya kazi, na baba hakuona sababu ya kuhama. Aliandika majina kamili, la mtu na la baba yake, na kijiji alikotoka ikiwa alikikumbuka. Alifariki Februari 2018. Tangu hapo mama hukaa mbele ya ile kompyuta baada ya chakula cha jioni, anabofya jina upande wa kushoto, na mtu huyo anakuja na picha zake zote.

Nilifika Ijumaa usiku, tarehe 24. Kesho yake asubuhi nikafungua folda ya picha, nikachagua kila kitu nilichokiona, nikakinakili kwenye diski ya nje niliyotoka nayo Dar. Baada ya saa nzima umeme ukakatika, betri ikakata pumzi papo hapo, nakala ikabaki nusu. Uliporudi nilifuta nikaanza upya, nami nikakaa pale pale kwenye kiti bila kuinuka mpaka mwisho. Nikahesabu: faili 9,846 huku, 9,846 kule. Nikafungua picha kadhaa kutoka kwenye diski, zikafunguka vizuri. Nikaona nimemaliza.

Fundi alikuwa kijana wa steshenari ya Ngamiani, mpole, anamwita mama "bibi". Aliiangalia laptopu akasema, "Dada, hii tukiipandisha juu kwa juu itatusumbua. Bora nikupigie window upya. Nifomati, nifute vyote?"

"Usifomati."

"Si umeshakopi?"

"Nimekopi. Lakini usifomati."

Sikuwa na hoja yoyote. Nilikuwa na woga tu. Akakubali: angeweka Windows 10 juu ya ile ya zamani, na vitu vya zamani vingehamishiwa kwenye folda iitwayo Windows.old. Akanitahadharisha kwamba itakula nafasi ya diski. Nikamwomba pia asibadilishe jina la mtumiaji, liwe lile lile la baba. Jioni nikaweka Picasa kutoka kwenye flashi yangu, nikarudisha picha mahali pake, nikaona zinapita kwenye kioo moja baada ya nyingine. Jumapili nikapanda basi kurudi Dar.

Jumatano usiku mama akapiga tena. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeogopa kumlaumu mwanawe.

"Sisi wote tuna majina. Wewe upo, dada zako wapo, wajukuu wapo. Watu wa baba yako ndio hawana. Mjukuu kanisomea hapa, anasema imeandikwa watu wasio na majina."

Nilikaa na simu mkononi muda mrefu baada ya kuagana. Picha zote zilikuwepo, hakuna hata moja iliyopotea. Nani sasa angeniambia yule mwenye kofia ya majani ni nani? Mama aliwajua wachache. Aliyewajua wote tulikwisha mzika.

Usiku ule sikulala. Nilisoma kila nilichokipata kuhusu namna Picasa inavyotunza majina, na kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyoliona kosa langu. Majina hayakuwa ndani ya picha. Yalikaa kwenye kumbukumbu za programu, ndani ya folda ya AppData ambayo Windows huificha, na pia kwenye kifaili kidogo kiitwacho .picasa.ini ambacho Picasa hukiweka ndani ya kila folda yenye picha, nacho hufichwa. Picha zetu za siku za karibuni baba alizipanga kwenye folda ndogo za miaka. Nilipozinakili folda hizo, vifaili vyao viliingia pamoja nazo bila mimi kujua. Lakini zile za shambani, 412, alizimwaga moja kwa moja kwenye folda kuu kwa sababu ndizo alizozishughulikia kila siku. Kule ndiko nilikochagua "kila kitu nilichokiona". Kifaili chake sikukiona, kwa hiyo sikukichagua. Na hesabu yangu iliafikiana kwa sababu pande zote mbili nilihesabu vile vile visivyofichwa.

Kimebaki wapi? Kwenye Windows.old. Nikatafuta habari zake, nikakuta kwamba mfumo huifuta wenyewe folda hiyo siku 10 baada ya kupandishwa. Nikahesabu kwa vidole kitandani. Jumamosi tarehe 25, siku 10, ni Jumanne ya tarehe 4 Februari. Nikampigia mama alfajiri, kabla ya shikamoo haijatulia nikamwomba azime kompyuta, achomoe waya, asimruhusu mtu kuiwasha. "Hata mjukuu?" "Hata mjukuu, mama. Na fundi akija kusafisha diski, mwambie asubiri."

Nililipanda basi la kwanza Jumamosi tarehe 1. Safari ya Chalinze, Segera, Muheza nimeifanya tangu shule, lakini siku ile kila kituo kiliniudhi. Kutoka stendi ya Kange nilichukua bajaji. Mama alikuwa ameifunika laptopu kwa kitambaa cha meza, kama inavyofunikwa sinia ya mgeni.

Nikaiwasha. Windows.old ilikuwepo. Nikaamuru vilivyofichwa vionekane, nikaingia kwenye folda ya watumiaji, jina la baba, picha. Kifaili kilikuwa juu kabisa, kwa rangi hafifu. Ukubwa wake haukufika hata theluthi ya picha moja. Kabla ya kukigusa nilikinakili mara mbili, kwenye flashi na kwenye diski ya nje, kisha nikakifungua kwa Notepad, programu ya kusomea maandishi.

Sikutegemea kitakuwa vile. Kila picha ina mstari wake: jina la faili kwenye mabano ya mraba, chini yake neno faces, kisha rect64 na msururu wa tarakimu na herufi unaoonyesha kisanduku cha uso kiko wapi, koma, na namba ndefu ya mtu. Picha ya watu 11 ina namba 11. Jina halipo. Nikashuka, nikashuka, mpaka nilipokuta sehemu iliyoandikwa Contacts2, na hapo kila namba ilikuwa na alama ya usawa mbele yake na baada ya alama hiyo, jina kamili, na kijiji. Baba aliyekasirika maisha yake yote kwamba watu wale waliandikwa kwa namba alikuwa amewaandikia majina, na kompyuta ikawa imewarudisha kwenye namba, na tofauti yote ilikuwa ni hiyo mistari michache chini ya ukurasa. Nikaanza kumsomea mama. Alikuwa amesimama nyuma yangu, na kwa kila jina aliitika "ee", kana kwamba wanaingia ndani.

Nikakirudisha kifaili mahali pake, pamoja na folda ya kumbukumbu za Picasa kutoka AppData, nikafungua programu. Majina yakarudi. Siku ile ile nikaitumia amri iliyomo humo ya kuandika majina ndani ya picha zenyewe, nikapeleka picha moja kwa flashi hadi steshenari, nikaifungua kwenye kompyuta isiyo na Picasa kuhakikisha jina limekwenda nayo. Limekwenda. Nakala moja ya folda nzima ilibaki kwa mama kwenye diski, nyingine nilirudi nayo Dar. Ule ukurasa wa majina nikauchapa. Mama aliukunja akautia kwenye sanduku lake la khanga.

Usiku, tulipokuwa tunapitia sura moja moja, tulifika kwa mtu mrefu aliyesimama mwisho wa safu. Baba alimwandika "Namba 417". Jina lake ndilo pekee ambalo hakulikumbuka.

Mama akaisogelea kioo. "Huyu namjua," akasema. "Masika moja mto ulifurika, baba yako alikuwa na homa. Huyu ndiye aliyembeba mgongoni mpaka zahanati." Akanyamaza, akijitahidi. "Jina lake, mwanangu, nilikuwa nalo."

Nikaandika chini ya picha: alimbeba baba mgongoni hadi zahanati. Mama akaniambia namba niiache, asije akatokea wa kwao akaitambua.