Simu isiyolala

Ukishaweka romu mpya kwenye simu ya Android, yaani mfumo mwingine badala ya ule wa kiwandani, malalamiko ya kwanza huwa ni chaji. Na ushauri unaozunguka ni uleule: futa kashe, badilisha kerneli (kiini cha mfumo), flashi upya (andika mfumo upya kwenye simu), nunua betri. Naandika haya kwa sababu naona betri nzima zikitupwa na romu nzuri zikilaumiwa bure, ilhali simu yenyewe imeshaandika ni nani anayekula chaji. Ni kuisoma tu.

Kabla ya yote, saa 24 hadi 48 za mwanzo zisikutishe. Simu inapanga upya programu zote, inasoma picha na nyimbo, inavuta data za akaunti. Joto na chaji kushuka katika siku hizo ni kawaida. Kinachostahili kupimwa ni usiku wa tatu.

Nasema usiku kwa makusudi. Mchana skrini, mwanga na bando vinavuruga hesabu, hujui nani kala nini. Usiku simu inatakiwa ilale: prosesa isimame, kumbukumbu ibaki na umeme kidogo wa kuishikilia, modemu iwe inaamka kwa vipindi kusikiliza mnara. Simu ikilala vizuri, hata romu yenye makosa madogo hukufikisha asubuhi. Isipolala, hakuna kerneli itakayokuokoa.

Tuchukue Redmi Note 7, ambayo kwenye ulimwengu wa romu inaitwa lavender. Betri yake ya BN4A ni ya mAh 4000, kwa hiyo asilimia 1 ni mAh 40. Tuseme umeiacha saa nne usiku ikiwa 100, ukaikuta saa kumi na mbili asubuhi ikiwa 81. Zimekwenda asilimia 19, yaani mAh 760 kwa saa 8, wastani wa mA 95 kila wakati. Simu yenye laini na Wi-Fi, ikiwa imelala, naitarajia ipoteze chini ya asilimia 1 kwa saa. Hapo kuna kitu kinaifanya ikeshe, au kuna kitu kinavuja.

Kutofautisha hayo mawili ndiyo kazi yenyewe. Unahitaji kompyuta yenye adb (programu ya kutuma amri kwa simu kupitia waya) na simu iliyowashwa utatuzi wa USB (bonyeza namba ya muundo mara 7 kwenye Kuhusu simu, kisha ingia kwenye chaguo za wasanidi). Chaji mpaka 100, chomeka kwenye kompyuta, andika:

adb shell dumpsys batterystats --reset

Chomoa waya, zima skrini, usiiguse. Asubuhi, kabla ya kuiweka kwenye chaja, irudishe kwenye kompyuta:

adb shell dumpsys batterystats > usiku.txt

Hapa wengi huharibu. Wanaichaji kwanza, wanaichomoa ikiwa imejaa, halafu ndipo wanatafuta rekodi. Android hufuta rekodi na kuanza upya simu inapochomolewa ikiwa na chaji iliyojaa au karibu kujaa. Usiku wote umekwenda.

Ndani ya faili hilo refu tafuta mstari unaoanza na Time on battery screen off. Utakuta kitu kama hiki:

7h 52m 10s 400ms (98.4%) realtime, 3h 10m 5s 120ms (39.6%) uptime

Usome polepole. Realtime ni muda wa saa ya ukutani: skrini ilizimwa kwa karibu saa 8. Uptime ni muda ambao prosesa ilikuwa macho ndani ya saa hizo. Simu hii ilikesha zaidi ya saa 3 skrini ikiwa nyeusi. Kwangu mimi, uptime ikiwa chini ya asilimia 5 simu ni nzima. Ikifika 10 naanza kutafuta. 39 ni ugonjwa. Na kama uptime ni ndogo lakini chaji bado imeshuka asilimia 19, basi usihangaike na programu. Simu ililala, na umeme ulipotea huku imelala. Njia zinaachana hapa na hazikutani tena.

Njia ya kwanza: simu inakesha. Shuka kwenye faili mpaka All kernel wake locks. Wekiloki ni ishara inayowekwa na programu au draiva (sehemu ya mfumo inayoendesha kifaa kama Wi-Fi) kuiambia simu isilale bado. Orodha imepangwa kuanzia aliyeshika muda mrefu. Angalia jina la juu. Likiwa PowerManagerService.WakeLocks, huyo si mhalifu, ni mlango tu: wekiloki zote za programu hupitia hapo. Mwenyewe yuko chini, kwenye All partial wake locks, pamoja na jina lake. Jina lenye *job* ni kazi iliyopangiwa muda, *sync* ni akaunti inayosawazisha, na AudioMix maana yake kuna programu imeacha njia ya sauti wazi bila kupiga chochote. Ukiifunga kwa nguvu programu ya muziki au ya simu za intaneti, mara nyingi hupotea.

Ukishampata, usikimbilie kuifuta programu. Ipunguzie nafasi kwanza:

adb shell cmd appops set com.mfano.programu RUN_ANY_IN_BACKGROUND ignore

Weka jina halisi la programu badala ya hilo la mfano. Ukitaka kurudisha, andika allow mahali pa ignore. Ujue gharama yake: ujumbe wa programu hiyo utachelewa mpaka uifungue. Kwa mchezo au duka la mtandaoni ni sawa. Kwa WhatsApp ya mtu anayesubiri habari za mgonjwa, hapana.

Huduma za Google ndizo zinazotajwa mara nyingi zaidi kwenye orodha hiyo, na kwenye romu mbadala sababu kubwa huwa moja: zimewekwa baada ya simu kuwaka kwa mara ya kwanza. Kwa LineageOS, mojawapo ya romu hizo, kifurushi cha Google kinatakiwa kiingie mara tu baada ya romu, kabla ya kuwasha. Kikichelewa, ruhusa zinakaa vibaya, huduma inaanguka, inajiinua, inaanguka tena usiku kucha. Andika adb logcat -b crash uone kama jina la com.google.android.gms linajirudia. Dawa ni kufuta data yote na kuanza upya kwa mpangilio sahihi. Inauma, lakini viraka havishiki hapo.

Wanaotumia microG, mbadala wa huduma za Google, wana shida tofauti kidogo. Usajili wa kifaa na huduma ya kupokea ujumbe vikiwa vimezimwa, kila programu ya kuchati inalazimika kufungua njia yake na seva, na kila moja inaamsha simu kwa saa yake. Washa hivyo viwili, kisha fungua upya programu zako ili zijisajili.

Je, kama jina la juu si PowerManagerService? Basi ni draiva, na programu zako hazina hatia. IPA_WS mara nyingi ni pakiti za data zinazoingia kupitia modemu. qcom_rx_wakelock na majina yenye wlan ni Wi-Fi. Mtandao wa nyumbani wenye televisheni, printa na simu nyingi hurusha matangazo madogo kila mara, na kila tangazo linaweza kuiamsha simu. Jaribu usiku mmoja na Wi-Fi imezimwa. Ili kuona hali ilivyo dakika hii, LineageOS ina swichi ya utatuzi wa mzizi kwenye chaguo za wasanidi; iwashe, kisha:

adb root
adb shell cat /sys/kernel/debug/wakeup_sources

Safu ya active_since ikiwa na namba isiyo 0, huyo anashikilia sasa hivi. Yenye usb au charger uyapuuze, yameletwa na waya uliochomeka. Kerneli mpya huweka habari hizi pia kwenye /sys/class/wakeup.

Kuna amri ya kuidanganya simu kwamba haijachomekwa, dumpsys battery unplug, nayo inasaidia kujaribu Doze, hali ya usingizi ya Android, huku waya uko palepale. Ukimaliza andika dumpsys battery reset. Ukisahau, asilimia ya betri inaganda, na utadhani umepata romu ya miujiza.

Njia ya pili: simu imelala na bado inavuja. Lala usiku mmoja katika hali ya ndegeni. Ikipoteza asilimia 2 au 3 kwa usiku mzima, betri na bodi ni nzima. Tatizo mara nyingi ni modemu. Kwanza angalia laini ya pili. Laini isiyo na mnara karibu huifanya modemu itafute bila kuchoka, na nyumba ya ghorofa ya chini yenye kuta nene inatosha kuleta hali hiyo. Izime kwenye mipangilio ya SIM, upime tena.

La pili, na hili linasahaulika sana, ni programu ya modemu yenyewe. Romu nyingi haziibebi. Zinategemea ile iliyoachwa na mfumo wa kiwandani. Ukiruka kutoka mfumo wa kiwandani wa zamani kwenda romu ya Android mpya, modemu ya zamani inazungumza na kerneli mpya, na usingizi unakuwa wa mang'amung'amu. Toleo unaliona kwa adb shell getprop gsm.version.baseband. Lilinganishe na lile linalotakiwa na romu yako. Likiwa nyuma, flashi la modeli yako hasa, si la ndugu yake, hata kama prosesa ni ileile. Kabla ya hapo hifadhi sehemu zenye IMEI, ambazo kwenye simu zenye chipu ya Qualcomm ni modemst1 na modemst2 (adb root ile ya juu inahitajika):

adb shell dd if=/dev/block/bootdevice/by-name/modemst1 of=/sdcard/modemst1.img

Fanya vivyo hivyo kwa modemst2, uhamishie nakala kwenye kompyuta. Kwenye Xiaomi angalia pia, simu ikiwa katika hali ya fastboot, namba ya kinga dhidi ya kurudi toleo la nyuma: fastboot getvar anti. Kuweka toleo lenye namba ndogo kuliko ya simu kunaweza kuiua moja kwa moja, na hakuna fundi wa kioo atakayeiamsha.

Ikiwa hata ndegeni inashuka sana, sasa ndiyo zamu ya betri. Simu nyingi za Qualcomm hukuambia zenyewe:

adb shell cat /sys/class/power_supply/battery/charge_full

Soma pia charge_full_design. Ukipata 2900000 dhidi ya 4000000, betri imebaki na asilimia 72.5 ya uwezo wake. Dalili nyingine ni simu kuzimika ghafla ikiwa 20 au 30 unapowasha kamera: ukinzani wa ndani umepanda, volti inaanguka mzigo ukija. Ukiingiza betri mpya, iache ishuke mpaka kama 15, kisha ichaji hadi ijae bila kukatiza, kipimo kijifunze upya.

Kuhusu kufuta batterystats.bin ili kurekebisha betri: Dianne Hackborn, mhandisi wa Android ndani ya Google, alishaeleza kwamba faili hilo ni rekodi ya matumizi tu. Haliongozi asilimia unayoiona wala halirefushi chaji. Mpaka leo kulifuta kunashauriwa kila wiki, na kinachofutwa ni ule ushahidi uliokesha usiku kuukusanya.

Badilisha kitu kimoja kwa usiku mmoja. Laini ya pili leo, Wi-Fi kesho, programu keshokutwa, na andika kila usiku asilimia ya kuanzia, ya kumalizia, na uptime. Karatasi yenye mistari mitano ya namna hiyo ukimpelekea anayetunza romu yako, pamoja na usiku.txt, ana pa kuanzia. "Chaji inaisha haraka" peke yake haimpi kitu.